Mwalimu wa Atelie

Butembo, huku Kivu ya Kaskazini nchini Kongo, haikosi wanasheria, wachumi wala madaktari. Université Catholique du Graben, iliyoanzishwa mwaka 1989 na Askofu Emmanuel Kataliko, imewaandaa kwa zaidi ya miaka 30. Siku hizi mji una pia chuo kikuu cha serikali, Université Officielle de Ruwenzori, kama Beni ilivyo na Université Officielle de Semuliki. Institut du Bâtiment et des Travaux Publics nayo iko papo hapo Butembo. Aliye adimu ni mwalimu wa usanifu majengo. Shule kubwa zinazomlea ziko Kinshasa: Institut National du Bâtiment et des Travaux Publics (INBTP), na Institut Supérieur d'Architecture et d'Urbanisme (ISAU) iliyozaliwa kutoka idara ya usanifu ya Académie des Beaux-Arts. Kutoka huko hadi Butembo ni zaidi ya kilomita 1,500 angani, na chini hakuna barabara ya kutegemea.

Kwa hiyo nikikuta seksyoni ya usanifu ya chuo cha serikali huku kwetu ina walimu wa kuchora, na wanafunzi wanasahihishiwa plani zao kila juma, najua kuna mkuu wa seksyoni aliyefanya kazi ya ustadi. Watu huhesabu kazi hiyo kuwa ya ofisi: kupokea barua, kupiga mihuri, kupeleka majina kwa kamati ya uongozi. Mimi naiona kuwa ufundi kamili, wenye jicho lake na mkono wake.

Tazama anavyofungua dosia ya mwombaji. Diploma anaisoma upesi, kisha anatandaza michoro mezani. Sura ya mbele ya nyumba haiangalii kwanza, kwa sababu kompyuta inaweza kuipamba nyumba yoyote. Anaanza na mkato, pale nyumba inapopasuliwa toka paa hadi msingi na hakuna cha kuficha. Ngazi inafika inakokwenda, au mtu atagonga kichwa? Mbao za paa zimekalia nini? Maji yanakwenda wapi? Swali hili la mwisho ni zito kwetu, maana Butembo imejengwa juu ya vilima, kwenye mita 1,700 na zaidi, katika udongo mwekundu unaokatika mvua ikikaza. Ukichimba mteremko ili upate kiwanja, maji ya jirani wa juu ni yako, na yako ni ya jirani wa chini. Mwombaji aliyechora ardhi kwa mstari mmoja ulionyooka amekwisha kujieleza.

Halafu linakuja jaribio ambalo mimi nalipenda kuliko yote. Mwombaji anapewa mchoro wa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, wenye makosa mengi, na mwanafunzi mwenyewe anaketi mbele yake. Wachoraji hodari wengi huanguka hapa. Wanachukua kalamu, wanaweka karatasi ya kalki juu na kuchora nyumba yao wenyewe, nzuri kabisa, huku kijana anatazama kimya. Mwingine haishiki kalamu kwa muda mrefu. Anauliza: mama akitoka jikoni na sufuria ya moto, anapita wapi? Mgeni akibisha hodi, anaona nini kwanza? Kijana anafuata kwa kidole, anafika ukutani, anagundua kwamba mlango haupo. Huyo wa pili ndiye mwalimu, hata kama mistari yake haing'ai. Mkuu mwenye jicho anamtambua kabla saa haijaisha.

Kumtambua ni mwanzo tu. Vyuo vingi vya mikoani katika Kongo vinaishi kwa maprofesa wageni: mtu anakuja kwa majuma mawili, anafundisha asubuhi hadi jioni, anatoa mtihani, anarudi. Somo la historia ya usanifu au sheria za mipango miji linaweza kustahimili mwendo huo. Atelie, yaani somo la kuchora na kusahihishiwa, haiwezi. Mchoro unahitaji kulala, mwanafunzi anahitaji kukosea Jumatatu, kuona aibu Jumatano na kurudi na kitu kingine juma linalofuata. Ndiyo maana mkuu anayejua kazi yake hagawi masomo kwa kufuata vyeo. Mgeni mwenye cheo kikubwa anapewa nadharia, na atelie inabaki mikononi mwa wakaaji, hata wakiwa maasistanti tu. Ni uamuzi mgumu kuutetea mbele ya kamati inayopenda kuona jina la profesa kwenye somo kubwa. Nimewaona wakuu wakiutetea kwa upole, mwaka baada ya mwaka.

Na wakaaji hao wanaishije? Kijana anayeteuliwa leo anaweza kufundisha muda mrefu kabla ya kuingizwa katika orodha ya mishahara ya serikali. Wenyewe wanaitwa NU, nouvelles unités, na wanategemea prime, yaani posho, inayotoka katika karo za wanafunzi. Mshindani wa chuo hapa ni shantie, mahali pa ujenzi. Wafanyabiashara wa Butembo, wanaoleta bidhaa toka Dubai na Guangzhou, wanajenga maghorofa, na mtu anayejua kuchora vizuri hakosi mteja. Mkuu mjinga anakataza. Mwenye hekima anapanga ratiba ili mwalimu awe shantieni asubuhi mbili kwa juma, kwa sharti moja: wanafunzi waende naye. Hivyo pesa ya mfanyabiashara inamlisha mwalimu, na zege yake inafundisha darasa. Naona huo ni uongozi wa hali ya juu, na sijui kwa nini hausifiwi zaidi.

Kupanda cheo nako kuna mlima wake. Toka asistanti hadi shefu de travo, kisha hadi profesa, ngazi inahesabu makala zilizochapishwa, na msanifu anazungumza kwa majengo. Wakuu wazuri wanampa asistanti kazi inayounganisha majengo na makala. Apime nyumba za zamani za mjini, achore jinsi matofali ya kuchoma yanavyopangwa, aandike ni miti mingapi ya mkaratusi inayoingia tanuri moja, alinganishe mbao za libuyu na za mvule zinazoshuka toka misitu ya Ituri. Wanafunzi wanashika kamba ya kupimia, mwalimu anapata makala, na mji unapata kumbukumbu yake. Fundi mwashi mzee anaitwa atelie aonyeshe kona inavyofungwa. Hana diploma, kwa hiyo hawezi kuandikwa popote kuwa mwalimu, lakini amekuja, na vijana wamegusa.

Majirani zetu walipita njia hii kwa namna yao. Makerere ilianza kufundisha usanifu mwaka 1989. Kigali ilifungua kitivo chake mwaka 2009, na wengi wa walimu wa mwanzo walitoka ng'ambo. Kabla ya hapo kijana wa Rwanda alilazimika kuondoka: Christian Benimana, msanifu anayejulikana leo duniani, alisomea Shanghai kwa sababu nyumbani shule haikuwapo. Butembo na Beni haziwezi kutumaini ndege iliyojaa wageni. Mauaji ya raia katika eneo la Beni yaliyoanza Oktoba 2014, Ebola ya 2018 hadi 2020, kisha vita vilivyowafikisha waasi wa M23 Goma Januari 2025 vimewatisha waalikwa wengi, na aliyetaka kupanda toka Goma kwa barabara amekuta vita vimekaa katikati. Ratiba ya masomo inaandikwa kwa penseli.

Hata hivyo kuna faida ambayo mwalimu aliyelelewa hapa anayo. Kati ya Butembo na Beni ni kilomita 54 hivi, na hali ya hewa ni mbili. Butembo usiku unajifunika blanketi, Beni iko chini zaidi, karibu na msitu, na joto lake linataka upepo upite ndani ya nyumba. Tuko karibu kabisa na ikweta, jua linapita utosini, na kuta za mashariki na magharibi ndizo zinazoungua. Asistanti aliyekulia kati ya miji hii miwili anafundisha jambo hilo bila kitabu: anawatuma wanafunzi wakae saa nane mchana chini ya mabati ya Beni, bila dari, kisha anawaambia wachore dirisha.

Mkuu ninayemsifu humtuma kijana wa namna hiyo kusoma zaidi, Kinshasa au Kampala, akijua huenda hatarudi. Kabla hajaondoka, tayari mwingine ameketi pembeni yake atelie kwa mwaka mzima, akisikiliza maswali anavyoyauliza.