Filamu ya Kauboi ya Familia Huanzia Kwenye Sauti

Filamu ya kauboi iliyotengenezwa na familia moja, kwa franga zake yenyewe na kwa lengo la kuhubiri Injili, huhukumiwa kwa sikio kabla ya jicho. Mtazamaji wa Ibanda, hapa Bukavu, huvumilia picha yenye giza kidogo. Huvumilia farasi anayesikika tu bila kuonekana, na kofia pana iliyotoka kwenye marobota ya mitumba ya soko la Kadutu. Lakini maneno ya mwigizaji yakimezwa na pikipiki, jenereta ya jirani au mvua juu ya mabati, mtazamaji huyo anainuka na kwenda zake. Hata hivyo vikundi vingi vya kanisa vinavyotaka kuigiza huimaliza akiba yote kwenye kamera, kisha hutegemea kipaza sauti kidogo kilichomo ndani yake. Kazi hufa hapo.

Waliofaulu kutengeneza filamu za aina hii kwa fedha kidogo walilitatua kwanza jambo la sauti, na katika jambo hilo familia ina nguvu ambayo kampuni haina.

Tuanzie Italia, maana filamu za kauboi zenye sura inayokumbukwa zaidi Afrika zilitoka huko kama zilivyotoka Marekani. Mwaka 1913 mwongozaji Vincenzo Leone, aliyejulikana kwa jina la kazi la Roberto Roberti, alitengeneza filamu iitwayo La vampira indiana, inayotajwa miongoni mwa filamu za mwanzo za kauboi nchini humo. Mhusika mkuu alikuwa mkewe, Bice Waleran. Mtoto wao Sergio, aliyezaliwa mwaka 1929, alikulia katika nyumba hiyo ya sinema, na alipotoa Per un pugno di dollari mwaka 1964 alijiandika Bob Robertson kwa heshima ya baba yake.

Filamu hiyo ya 1964 iligharimu kama dola 200,000, fedha ndogo sana kwa sinema ya kimataifa. Leone alipunguza gharama kwa njia mbili. Ya kwanza ilikuwa Techniscope, mfumo uliotumia nusu tu ya urefu wa mkanda wa kawaida kwa kila picha. Ya pili ndiyo inayotuhusu: hakurekodi mazungumzo ya kutumika palepale pa kupigia picha. Clint Eastwood alisema kwa Kiingereza, Gian Maria Volonté kwa Kiitalia, Marianne Koch kwa Kijerumani, kila mmoja na lugha yake katika onyesho lilelile. Maneno ya kusikika yaliwekwa baadaye studioni. Waitalia walikuwa wamezoea kufanya hivyo katika karibu filamu zao zote, lakini kwa kauboi njia hiyo iliingia vizuri kupita kwingine kote.

Sababu iko katika mavazi na mandhari. Mchunga ng'ombe huvaa kofia pana inayotia kivuli usoni. Hufunga kitambaa mdomoni kwa ajili ya vumbi. Husimama mbali, mlima ukiwa nyuma yake, au huonekana kwa mgongo akiondoka. Husema maneno machache. Haya yote huficha midomo, na midomo ikifichika, hakuna atakayetambua kwamba sauti ilirekodiwa miezi mitatu baadaye. Tamthilia ya mapenzi yenye nyuso mbili mezani haina msamaha huo, kwa kuwa kila herufi inayochelewa huonekana. Ndiyo maana nasema familia yenye vifaa vidogo inayochagua kauboi imechagua vizuri.

Studio ya Leone iliwalipa watu wa kuja kutia sauti. Familia yetu itawapata wapi? Tayari wako nyumbani. Ugumu mkubwa wa kurekodi maneno baadaye ni kwamba mwigizaji lazima arudi. Kijana aliyeigiza Julai bila malipo, ifikapo Oktoba yuko Kampala, au amechoka, au hapokei simu. Lakini baba aliyeigiza mchungaji, mama aliyeigiza mjane mwenye shamba na binti aliyeigiza mwalimu, wote hula ugali chungu kimoja. Sentensi moja ikionekana mbovu usiku wa manane wakati wa kuhariri, huamshwa aliyeisema, akaisema upya kesho yake alfajiri. Hakuna mkataba wala nauli. Kwa kipimo cha ufundi, familia ni studio ya sauti isiyofungwa.

Bukavu ina historia yake katika jambo hili, nayo inauma kidogo. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Wamisionari wa Afrika, tunaowaita Mapadri Weupe, waliendesha hapa kazi ya kutengeneza filamu kwa jina la Africa Films, chini ya Padri De Vloo. Huko Luluabourg, ambayo leo ni Kananga, Padri Albert Van Haelst wa shirika la Scheut alitengeneza vichekesho vya Matamata na Pilipili. Mapadri hao walikuwa watu wa mkono: kamera ndogo ya mkanda wa milimita 16, waigizaji kutoka misheni, jua badala ya taa. Kwa kawaida filamu za namna hiyo zilipigwa kimya, maelezo yakaongezwa baadaye au kusemwa na mtu aliyesimama karibu na projekta, katika lugha ya wenyeji wa mahali.

Kiufundi walikuwa sahihi kabisa, na yeyote anayetaka kufanya kazi hii leo ajifunze kwao namna ya kutumia kidogo kilichopo. Lakini tazama matokeo yake. Uso ulikuwa wa Mkongo, na sauti iliyoeleza maana ya uso huo ilitungwa na mtu mwingine, ambaye mara nyingi hakutaka kunyamaza hata nusu dakika. Mtazamaji aliambiwa acheke wapi na ajutie nini. Mwigizaji hakuulizwa. Familia ya Ibanda inapokaa chumbani na kuzitia sauti nyuso zake yenyewe inatumia ufundi uleule, ila safari hii mwenye uso ndiye mwenye neno. Kwangu mimi hiyo ni sababu tosha ya kufanya kazi hii, hata kama filamu haitauzwa.

Na kauboi si mgeni Kongo. Mwishoni mwa miaka ya 1950 vijana wa Kinshasa walijiita Bill kwa kumfuata Buffalo Bill wa sinema, wakavaa kama yeye na kubuni lugha yao ya mtaani, Indoubil. Mmisionari mmoja wa Scheut, Joseph de Laet, aliwaendea kwa mlango huohuo na akajulikana kama Père Buffalo. Kwa hiyo kukutanisha kofia ya kauboi na Injili kuna mizizi nchini kwetu kwa zaidi ya miaka 60.

Kwa mifano ya familia zilizo karibu na zama zetu, Nigeria iko mbele. Mike Bamiloye alianzisha Mount Zion mwaka 1985 kama kundi la maigizo ya jukwaani ya Kikristo, akiwa na Gloria, aliyekuja kuwa mkewe. Katika miaka ya 1990 walihamia kwenye video, na Agbara Nla, mchezo wa mfululizo wa Kiyoruba, uliwatambulisha mbali na kwao. Leo watoto wao wamo ndani ya kazi hiyo, Damilola akiwa mwongozaji. Jukwaa liliwapa kitu ambacho kamera haitoi: waigizaji waliozoea kutamka hadi mtu wa kiti cha mwisho asikie. Marekani, ndugu Alex na Stephen Kendrick walianza na Flywheel mwaka 2003 kwa dola 20,000 na watu wa kujitolea wa kanisa lao la Sherwood, mjini Albany, Georgia. War Room yao ya mwaka 2015 ilitengenezwa kwa dola milioni 3 na kuingiza zaidi ya milioni 70. Hao si kauboi wala si watu wa hali yetu, ila utaratibu wa nyumbani na kanisani ni uleule.

Jirani zaidi yuko Wakaliga, Kampala. Isaac Nabwana na mkewe Harriet huendesha Ramon Film Productions, jina lililounganishwa kutoka kwa majina ya bibi wawili wa Isaac, Rachael na Monica. Filamu zake ni za mapigano na wala hazihubiri, lakini kwa sauti zinafundisha. Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010 hutazamwa duniani ikiwa na sauti ya VJ Emmie anayesimulia juu ya picha mwanzo hadi mwisho. Nabwana alikuwa akifuta kazi za zamani kwenye kompyuta ili apate nafasi ya kazi mpya, na toleo lisilo na msimulizi likapotea. Lililobaki ni lile lenye sauti. Diski ya akiba ya kuhifadhia faili ni ya lazima. Inunuliwe kabla ya kofia.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, kama ingefanywa hapa. Picha zipigwe kiangazi, Juni hadi Agosti, kwenye vilima vya Kabare au Walungu, penye ng'ombe halisi na vumbi la kweli. Huku karibu na ikweta jua la saa sita husimama karibu na utosi, na kofia pana huufuta uso mzima. Basi kamera iwashwe asubuhi kabla ya saa tatu na jioni baada ya saa kumi. Wakati wa kupiga picha sauti irekodiwe hata kama ni mbaya. Haitatumika, ila itakuwa kielelezo cha kuonyesha mwigizaji alisema nini na kwa mwendo gani. Kila mara kamera inapowashwa mtu mmoja apige kofi mbele yake, ili baadaye picha na sauti zikutanishwe kwa kofi hilo.

Nyumbani, chumba cha kulala ndicho studio. Magodoro mawili yasimamishwe ukutani, blanketi litundikwe dirishani, friji izimwe. Kipaza sauti kiwe umbali wa shibiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili pumzi za herufi p na b zisikigonge. Mwigizaji avae kisikizi sikio moja, aisikie sentensi yake ya kielelezo mara tatu, halafu aiseme akiitazama picha. Asisome. Ajisogeze kama alivyojisogeza siku ile: aliyekuwa anapanda kilima apandishe pumzi, aliyekuwa ameinama ainame. Sauti ya mtu aliyeketi kitini hutambulika upesi ikiwekwa juu ya mtu anayekimbia. Saa nzuri ni alfajiri, kabla pikipiki hazijaamka na kabla umeme haujakatwa. Mwishoni warekodi dakika moja ya kimya cha chumba hicho. Kimya hicho huwekwa chini ya maneno yote ili sikio lisihisi mikato.

Farasi atoke kwenye sanduku la mchanga na vikombe viwili vya plastiki vilivyofunikwa kifudifudi. Upepo utoke kwenye kanga inayovutwa juu ya ubao. Vishindo hivi viwe kwenye faili yake, muziki kwenye yake, maneno kwenye yake. Nasisitiza hili kwa sababu ndilo linaloiwezesha filamu kusafiri. Ile filamu iitwayo Jesus, iliyotolewa mwaka 1979 kwa kufuata Injili ya Luka, imetiwa sauti katika lugha zaidi ya 2,000, na jambo hilo linawezekana pale tu maneno yanapoweza kuondolewa bila kugusa muziki na vishindo. Familia iliyotenganisha faili zake itatoa toleo la Kiswahili Pasaka, na la Mashi Krismasi. Iliyochanganya kila kitu itabaki na toleo moja milele.

Kuna suala la bunduki, na hapa sina mzaha. Katika mji ambao watu wake wameamshwa na risasi za kweli usiku, kumtuma kijana barabarani na bastola ya mbao ni kumhatarisha yeye na wapita njia. Sauti itumike badala yake. Mlango unafungwa, kamera inabaki kwenye uso wa mama aliye nje, mlio unasikika ndani, ng'ombe wanashtuka. Mlio wenyewe utiwe kwenye kompyuta, usipigwe kwa spika uwanjani. Onyesho la namna hiyo ni salama na ni la bei ndogo, tena lina nguvu zaidi, kwa maana mtazamaji wa Bukavu anaijua hofu hiyo bila kuonyeshwa.

Hatari ya mwisho iko moyoni mwa mwenye filamu. Akishajua kwamba maneno yanaweza kuongezwa wakati wowote, mhubiri aliye ndani yake huongeza. Anaweka msimulizi, anaweka aya za Biblia juu ya kila mlima, anafafanua mfano ambao mtoto ameshauelewa. Huo ni mtindo wa mapadri wa miaka ya 1950 unaorudi kwa mlango wa nyuma. Dawa yake iko kwenye C'era una volta il West ya Leone, ya mwaka 1968. Dakika za mwanzo, kwenye kituo cha treni, karibu hakuna mazungumzo: kinu cha upepo kinalia kwa kukosa mafuta, tone la maji linaanguka juu ya kofia, inzi anamsumbua mtu usoni. Ennio Morricone, aliyesoma shule moja ya msingi na Leone, alikuwa ameshatunga muziki wa filamu hiyo kabla ya kupigwa picha, lakini hapo mwanzo waliacha vishindo vitupu vitawale. Anayesamehe katika filamu ya imani aonekane akisamehe, na mtazamaji aachiwe sekunde kumi za kusikia pumzi yake.

Makanisa na parokia za Ibanda zina vyumba vyenye kuta nene, mapazia na mazulia, vinavyokaa vimefungwa kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa. Zina wanakwaya wanaojua kusimama mbele ya kipaza sauti na mafundi wanaojua kukitega. Wachungaji na mapadri, tunawaomba: familia ikija kuomba chumba kwa saa mbili za alfajiri, ipewe ufunguo.