Tai, Kiota na Kizimba: Hisia na Mafundisho katika Mahubiri ya C. L. Franklin

Mahubiri ya Wabaptisti Weusi wa Marekani yamehukumiwa mara nyingi kwa kutazama mwisho wake tu. Wanaoyapinga huona kwamba pale mhubiri anapoanza kughani na waumini kusimama, mafundisho huwa yamekwisha na burudani imeanza. Wanaoyatetea hujibu kwamba fundisho lisilogusa moyo halimfikii mtu. Mabishano hayo hayafiki mbali, kwa kuwa pande zote mbili huchukulia kwamba hisia zikizidi ni lazima mafundisho yapungue. Sehemu hii inachunguza suala hilo kupitia mahubiri ya Mchungaji C. L. Franklin (1915–1984) yaliyorekodiwa mwaka 1953 katika Kanisa la Kibaptisti la New Bethel, Detroit. Msingi wake ni Kumbukumbu la Torati 32:11–12, panapotajwa tai anayekitikisa kiota chake.

Franklin anaanza taratibu, kama mwalimu darasani. Anaeleza kwa nini Mungu amefananishwa na tai: ni mfalme wa ndege, ana nguvu, ana kasi, anaona mbali. Kila sifa inapewa ufafanuzi wake kabla ya nyingine kuingia. Kisha anafika kwenye kiota, ambamo tai huondoa manyoya laini ili miiba iwachome makinda na kuwalazimisha kujifunza kuruka. (Mtaalamu wa ndege angekuwa na maswali hapa, lakini hoja haisimami juu ya elimu ya ndege.) Hapo ndipo linapotolewa fundisho zito kuliko yote: historia yenyewe ni kiota ambacho Mungu hakiachi kitulie, na hata vita, ikiwemo ile ya wenyewe kwa wenyewe nchini Marekani, vilikuwa namna ya kumsukuma binadamu awe ndugu wa binadamu mwenzake.

Baada ya ufafanuzi huo kunafuata hadithi ya mfuga kuku aliyejikuta na kifaranga wa ajabu. Anapoambiwa kwamba huyo ni tai, anamjengea kizimba, na kadiri ndege anavyokua ndivyo kizimba kinavyopanuliwa, hadi siku anapofungua mlango. Msomaji wa Afrika Mashariki ataikumbuka hadithi ya jamaa moja na hii, inayohusishwa na James Aggrey wa Gold Coast, aliyezuru eneo hili mwaka 1924 pamoja na tume ya Phelps-Stokes. Tai wa Aggrey amejisahau, naye anahitaji kukumbushwa asili yake. Tai wa Franklin hahitaji kukumbushwa chochote, anahitaji mlango. Tofauti hiyo ina uzito mkubwa kwa kinachofuata.

Kinachofuata ni ughani. Sentensi zinafupika, kila moja inaishia kwenye pumzi, na hadhira inaijaza nafasi iliyoachwa, kama ilivyo kwa fanani yeyote wa fasihi simulizi anayejua kuipokea sauti ya wasikilizaji wake. Roho sasa ni tai, mwili ni kizimba, na siku moja Mwenye kizimba atakuja kufungua. Mitchell (1990) anasisitiza kwamba shangwe ya mwisho wa mahubiri inapaswa kulishangilia jambo lilelile lililofundishwa. Kwa upande wa taswira, Franklin anakidhi sharti hilo: hakuna picha inayoghaniwa ambayo haikufafanuliwa kwanza kwa sauti ya kawaida. Tuhuma kwamba hisia zimechukua nafasi ya mafundisho haina mashiko hapa.

Kwa upande wa maudhui, hata hivyo, kuna jambo limeanguka njiani. Mungu aliyekuwa akiitikisa historia anageuka kuwa Mungu anayemfungulia mtu mmoja mlango wakati wa kufa. Vita na undugu, vilivyogharimu nusu ya kwanza ya mahubiri, havighaniwi. Kasoro si wingi wa hisia. Hisia zimepewa sehemu ndogo tu ya fundisho ili zilibebe, na sehemu hiyo ndiyo iliyo nyepesi.

Huenda ikatetewa kwamba hadhira ya Mtaa wa Hastings, ambayo wengi wake walihamia Detroit kutoka Kusini, haikuhitaji kufasiriwa kizimba ni nini. Franklin mwenyewe aliongoza maandamano makubwa ya haki jijini humo Juni 1963, akiwa pamoja na Martin Luther King. Utetezi huo una nguvu, lakini unaegemea yale ambayo msikilizaji amekuja nayo kanisani, ilhali mhubiri huyohuyo hakuacha hata unyoya mmoja wa tai bila kuufafanua. Tena mahubiri haya yaliuzwa kwenye santuri na kusikilizwa mbali sana na New Bethel. Mtaa wenyewe ulibomolewa baadaye kupisha barabara kuu. Aliyeisikiliza santuri hiyo peke yake sebuleni, pasipo jirani wa kumwitikia, alisikia tai akiruka; ni nani alimfunga, hilo hakuambiwa.