Sauti Kando ya Pazia

Oktoba 1927 studio ya Shochiku ilitoa Zange no yaiba, yaani Upanga wa Toba, filamu ya kwanza ya Yasujirō Ozu na ya pekee aliyoitengeneza kuhusu enzi za samurai. Aliitwa jeshini kabla hajamaliza kupiga picha, mwenzake Torajirō Saitō akaimalizia. Hakuna nakala inayojulikana kusalia. Wapenzi wa sinema huililia kwa ajili ya Ozu. Mimi humlilia zaidi benshi, msimulizi wa filamu bubu, ambaye kazi yake haikuhifadhiwa kwenye mkanda hata filamu ilipokuwa nzima.

Japani, filamu bubu zilisemewa. Kando ya pazia alisimama benshi, mbele yake meza ndogo, karatasi zake na taa hafifu isiyoharibu giza la ukumbi. Picha ikianza, yeye ndiye mzee anayekohoa, ndiye binti anayeagwa, ndiye samurai anayefoka, na katikati yao ndiye msimulizi. Koo ni lile lile moja. Penye huzuni wengi waliingia kwenye mizani ya kale ya ushairi wa kwao, saba kisha tano, saba kisha tano, huku shamisen na fidla zikiwafuata.

Ugumu uko kwenye muda. Mdomo wa mwigizaji ukifunguka, neno liwe limeshafika. Ukifumba, lisibaki likining'inia. Hapo ndipo ninapomvulia kofia Musei Tokugawa wa ukumbi wa Musashinokan, Shinjuku. Wengine walijaza kila pembe kwa maneno. Musei alijua kunyamaza, na uso ulio kwenye pazia ukapata nafasi ya kusema wenyewe.

Watu walilipa kiingilio kumfuata benshi wampendaye, hata kama filamu yenyewe hawaijui. Kisha mwaka 1931 ikaja filamu ya Heinosuke Gosho, Madamu to nyōbō, na sauti yake ndani. Benshi waligoma, wasifue dafu. Heigo, kaka yake mwongozaji Akira Kurosawa, alikuwa mmoja wao. Alijiua mwaka 1933. Musei alihamia redioni, akawasomea Wajapani riwaya ya Miyamoto Musashi, na vituo vyake vile vile vya kimya.

Mwaka 1971 Teinosuke Kinugasa aliikuta ghalani kwake filamu yake ya 1926, Kurutta ippēji, iliyodhaniwa imepotea. Haina maandishi ya kuunganisha matukio, na watazamaji wa leo huhangaika kuifuata. Ilipotoka, Musei aliisimulia Musashinokan. Picha zimerudi, usimulizi wa Musei haukurudi nazo. Hata Upanga wa Toba ukipatikana, tutapata nusu tu.

Ndiyo maana namheshimu sana Midori Sawato, mwanafunzi wa benshi Shunsui Matsuda, anayeifanya kazi hii tangu miaka ya 1970. Kabla ya kusimama kando ya pazia, huitazama filamu tena na tena, kisha hukaa akaandika maneno yake mwenyewe.