Tajiri na Mlango Wake

Hadithi ya tajiri na Lazaro, iliyomo katika sura ya 16 ya Injili ya Luka, husikiwa na wengi kanisani, lakini ni wachache waisomao kama wasomavyo hadithi nyingine, wakapima maneno yake na kimya chake. Nakuomba, msomaji, tuisome hivyo.

Tajiri alivaa mavazi ya thamani na kula karamu kila siku. Mlangoni pake alilala maskini mwenye vidonda, akitamani makombo. Wote wawili walikufa: maskini akapokewa na Ibrahimu, tajiri akaangukia mateso.

Wasomaji wa namna mbili huikosea hadithi hii. Wa kwanza hudhani yafundisha kuwa utajiri ni dhambi. Kama ndivyo, Ibrahimu afanya nini peponi? Kitabu cha Mwanzo chasema alikuwa na mifugo, fedha na dhahabu kwa wingi. Lakini tajiri huyo aliwakimbilia wageni watatu katika jua la mchana, akawaandalia ndama. Basi hadithi haimpambanishi tajiri na maskini tu. Yamsimamisha tajiri mbele ya tajiri mwenziwe.

Wa pili hudhani yawaambia maskini wavumilie tu, kwa kuwa malipo yao yako ahera. Lakini Lazaro hasemi neno hata moja. Wanaosema ni tajiri na Ibrahimu, na wanaohofiwa ni ndugu watano wa tajiri, walio hai bado. Hadithi ya namna hii haikusudiwi kumtuliza mwenye njaa, bali kumwamsha aliyeshiba.

Kosa la tajiri lilikuwa nini? Hatuambiwi kuwa aliiba, wala kuwa alimfukuza maskini. Lakini akiwa motoni amtaja Lazaro kwa jina. Kumbe alimjua! Alimpita kila siku, na jina lake alikuwa nalo. Hata huko ataka Lazaro atumwe kumletea maji, kana kwamba ni mtumishi wake. Mateso yalimchoma, hayakumfundisha. Hapa ndipo penye nguvu ya hadithi: yatuonyesha mtu aliyemjua jirani yake asimwone.

Naandika haya Kikopey, kando ya barabara kuu itokayo Nairobi kwenda Nakuru. Wasafiri husimama hapa kula nyama ya mbuzi ya kuchoma. Siukemei mlo huo. Kwa huo wafugaji, wachinjaji na wachomaji hupata riziki, na mali itumikayo hulisha wengi. Lakini kati ya meza na gari pana hatua chache, na katika hatua hizo mara nyingine husimama mtoto ambaye saa hiyo angalikuwa darasani. Mimi ni mwalimu. Baadhi ya watoto hao nawajua kwa majina, nami pia nimepata kupita kwa haraka. Siku hiyo hadithi hii iliacha kuwa habari ya mtu mwingine.

Hata hivyo hadithi ina upungufu mmoja. Yazungumza juu ya makombo, na makombo humshibisha maskini leo, kesho yakamkuta palepale mlangoni. Jinsi ya kumwinua, msomaji ameachiwa aitafute mwenyewe.

Katika kaunti hii ya Nakuru yuko mtu aliyeitafuta. Ndugu Peter Tabichi, mtawa wa Kifransisko, alikuwa akifundisha hisabati na sayansi katika shule ya sekondari ya Keriko, huko Njoro, alipotunukiwa mwaka 2019 tuzo ya kimataifa ya ualimu yenye thamani ya dola milioni 1. Kabla dunia haijamjua, alikuwa akitoa asilimia 80 ya mshahara wake kwa wahitaji, na baadhi ya wanafunzi wakapata sare na vitabu. Mtoto apewaye kitabu ameonyeshwa njia ya kuondoka mlangoni.

Utasema: mtawa hana mke wala watoto wa kulipiwa karo. Ni kweli, na kiasi chake si sheria kwa kila mtu. Zakayo, katika sura ya 19 ya Injili ile ile, aliahidi kuwapa maskini nusu ya mali yake, wala hakudaiwa nusu iliyobaki. Tena aliahidi kuwarudishia mara nne wale aliowadhulumu, maana sadaka haiwezi kufunika dhuluma. Kipimo, basi, si hesabu peke yake. Mwenye mali aulizwe ameipataje, na ni nani aliye mlangoni pake.

Wahenga walisema: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Hadithi haituambii kama ndugu wale watano walizinduka. Sisi tulio hai tu mahali pao, na mlango ungali wazi. Mwenye shilingi na atoe shilingi. Lakini kwanza asimame, amwangalie aliye mbele yake, na amwite kwa jina.