Mlinzi Aliyenyimwa Kiswahili: Tahakiki ya Filamu "Darwin's Nightmare"

Mwalimu mwenzangu, filamu nyingi tunazowaonyesha wanafunzi husahaulika kabla runinga haijapoa. Hii haisahauliki. "Darwin's Nightmare" (2004) ni filamu ya hali halisi ya Hubert Sauper, mzaliwa wa Austria, na ilipigwa Mwanza. Hata hivyo, mtazamaji wa Mbita au Muhuru ataitambua upesi. Ziwa ni lilo hilo, na yule sangara wa Mwanza ndiye mbuta wetu, aliyetiwa ziwani miaka ya 1950 akawala fulu nusura awamalize.

Ukitafuta ploti hutaiona. Msimulizi pia hamna. Sauper huandika maneno machache kwenye kioo, kisha huziacha taswira zigongane. Ndege kubwa za mizigo zinaondoka na minofu kwenda Ulaya huku habari za njaa nchini zikisikika. Mwenyeji anaachiwa vichwa na mifupa, yaani mapanki, au mgongo wazi kama tusemavyo huku. Mifupa hiyo inaanikwa juu ya vichanja, mabuu yakitambaa miguuni mwa wafanyakazi. Mtahiniwa aliyezoea kukariri kwamba kinaya ni kinyume cha matarajio atakiona hapa kwa macho, na pengine kwa pua.

Ila tusiipokee filamu hii bila kuipima. Sauper anauliza tena na tena ndege hizo huja na nini. Rubani mmoja anakiri kupeleka vifaru Angola, na ungamo hilo ni zito kweli. Lakini Angola si Mwanza. Silaha zikishushwa Mwanza hatuzionyeshwi, tunadokezewa tu. Mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliilaumu filamu hii hadharani, na hata asiyekubaliana na lawama zake hawezi kudai kwamba kudokeza ni sawa na kuthibitisha.

Kasoro inayonikera zaidi ni ya lugha, nami nashangaa kwamba ilizungumziwa kidogo kuliko hiyo ya silaha. Mhusika anayekaa akilini kuliko wote ni mlinzi wa usiku katika taasisi ya utafiti wa samaki, mwenye upinde na mishale ya sumu. Anaeleza kwamba vita vingekuwa na faida kwa maskini kwa sababu jeshi hulipa vizuri. Anayasema hayo kwa Kiingereza cha kubabaisha, akitafuta maneno gizani, ilhali yumo katika nchi ya Kiswahili! Mtazamaji wa Paris atamwona mtu wa mawazo machache, wa kutisha kidogo. Sisi tunajua kwamba mtu huyu angeulizwa kwa Kiswahili angefafanua, angetania, huenda hata angemgeuzia Sauper swali. Usawiri wake umepunjwa na lugha aliyohojiwa nayo, wala si uhaba wa fikra.

Ukipata nakala, mwonyeshe mwanafunzi wa kidato cha tatu au cha nne mandhari hayo ya mlinzi pekee. Uzime sauti. Mpe karatasi aandike maneno ya mlinzi upya kwa Kiswahili, kisha uiwashe sauti, alinganishe mtu aliyemwandika na yule wa kwenye filamu.