Sifa kwa Fundi wa Orodha

Duka la jumla la nguo katika Mtaa wa Congo, Kariakoo, halina subira. Mteja yuko kaunta na hesabu yake mkononi, wa pili anauliza bei, kuli amekwisha kuinama kubeba robota. Karani anahangaika na kompyuta, akitafuta jina moja la bidhaa kati ya mamia. Dakika hiyo ndiyo inayompima mtu asiyeonekana pale dukani: fundi aliyeamua orodha kunjuzi itafute neno kwa namna gani.

Mwaka 2005, Microsoft ilipotoa .NET 2.0, watengeneza programu za Windows walipata orodha inayomalizia neno yenyewe. Ulikuwa msaada mkubwa, lakini orodha hiyo hulinganisha kuanzia herufi ya kwanza. Kiswahili nacho hubadilika hapohapo mwanzoni: kitenge kinakuwa vitenge, shuka linakuwa mashuka. Mteja anataka vitenge, karani anaandika "vit", orodha inabaki tupu, na mzigo umejaa ghalani.

Fundi hodari haridhiki na hali hiyo. Huuzima ulinganishaji uliokuja na programu, akaandika wake. Kwanza huruhusu herufi zipatikane popote ndani ya jina, hivyo "tenge" linatosha. Kisha huifundisha programu kwamba ki na vi hupokezana, na kwamba anayeandika "6x6 shuka" anataka kilekile anachotaka anayeandika "shuka 6x6". Huongeza majina ya pembeni: mnunuzi wa Mombasa akisema leso, ije kanga, wa mashariki ya Kongo akisema kikwembe, kije kitenge. Kwa dera lililoandikwa "dela", hutumia kipimo alichokieleza Vladimir Levenshtein mwaka 1965: kuhesabu ni herufi ngapi zibadilishwe, ziongezwe au ziondolewe ili neno moja liwe jingine.

Hata hivyo, sifa kubwa ya ufundi huu ni kiasi. Ukilegeza mno, herufi mbili zitamwaga nusu ya duka kwenye kioo, na karani atapotea zaidi ya mwanzo. Kwa hiyo fundi hupanga: majina yanayoanza na herufi zilizoandikwa yatangulie, yanayozibeba katikati yafuate, ya kukisia yawe mwisho. Hamkatizi karani kwa kumbadilishia maneno vidoleni. Wala haruhusu orodha ijichagulie bidhaa kwa sababu tu kitufe cha Enter kimebonyezwa, kwa kuwa kosa hilo haliishii kwenye kioo. Linaingia kwenye risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, linavuruga hesabu ya ghala, na jioni mtu anaulizwa robota limekwenda wapi.

Nauheshimu ufundi huu kwa sababu unamkubali mtu jinsi anavyosema. Haumlazimishi karani kukariri mwandiko wa aliyeingiza bidhaa mwaka jana.

Wewe unayetengeneza programu za maduka, keti kaunta ya Kariakoo asubuhi moja kabla hujaanza kazi, uandike majina kama wanunuzi wanavyoyataja. Na wewe mwenye duka, kabla hujalipa, andika "vitenge" uone kama kitenge kitakuja. Kisipokuja, mwambie fundi arudi mezani. Kazi yake haijaisha.