Sifa ya Kirangozi

Mama yangu, aliyenizaa Nanyamba, alisema siku zote kuwa nilizaliwa mikorosho ilipokuwa katika maua, wala hakuona haja ya kuongeza neno. Ile tarehe 12 Julai iliyomo katika pasi yangu ilichaguliwa na mwalimu aliyeniandikisha shule, naye, nadhani, aliichagua kwa kuwa ndiyo siku tuliyosimama mbele ya meza yake. Siku hiyo, basi, haikuzoea kunikuta na sherehe, na wala sikustaajabu mwaka 2014 iliponikuta ugenini, katika Kisiwa cha Msumbiji, nikiwa mmoja wa watalii 14 waliopotezana kabla ya saa nne asubuhi.

Tulikuwa tumepita Tandahimba, Newala na Masasi, tukavuka Ruvuma kwa Daraja la Umoja lililofunguliwa mwaka 2010, kisha tukateremka kusini siku nzima na nyingine. Safari yenyewe haina la kusimulia ila vumbi. Ghasia ilianza kisiwani: gari lilichelewa, wenzetu wawili Wareno walitaka kwanza sanamu ya mshairi wao Camões, nusu ya kundi ilijipenyeza katika mji wa makuti kutafuta chai, na mbele ya lile kanisa dogo la mwaka 1522, lililo nyuma ya ngome kwenye ncha ya kisiwa, tuliambiwa kuwa mwenye ufunguo amekwenda mazikoni.

Hapo ndipo nilipoijua kazi ya yule kijana aliyetuongoza, mzaliwa wa Mocímboa, mwenye fimbo iliyofungwa kipande cha leso nyekundu. Mababu zetu, katika misafara ya karne ya 19 iliyotoka mwambao kwenda bara, walimwita mtu wa namna hii kirangozi, naye alitangulia mbele ya wapagazi akiwa na bendera. Nami nilidhani jina hilo limekufa pamoja na misafara. Kijana hakupaza sauti. Aliupa mgongo ule mlango uliofungwa, akaanza kusimulia kwa sauti ya chini, ya chini hata waliokuwa mbali wakalazimika kusogea ili wasikie, na waliokuja wakawavuta wengine, mpaka hata wale wa chai wakarejea na vikombe mikononi. Kisha akatuonyesha mwanya wa mlango, upana wa kidole, akasema achungulie mmoja mmoja. Halaiki iliyokuwa ikizozana ikawa safu. Zamu yangu ilipofika niliona mbavu za mawe zikikutana darini na mche wa nuru umelala sakafuni, na sina yakini kama ningeuona mche huo laiti mlango ungefunguliwa tukaingia kwa pamoja tukisukumana.

Watu hudhani ufundi wa kuongoza wageni ni wingi wa maarifa, na kwamba mwenye kuhifadhi miaka na majina ya magavana amekwisha hitimu. Mimi siafiki. Miaka imo vitabuni; kisichomo vitabuni ni kujua saa gani watu wamechoka, nani amenuna, na jambo gani likinyamaziwa litaonekana vizuri zaidi. Tena ni fani ya hatari. Mwaka 1498 Vasco da Gama alichukua marubani katika kisiwa hikihiki, na mmoja wao alipoviita visiwa vya kaskazini kuwa ni bara, alitandikwa mijeledi, na Wareno wakakiita kisiwa kimoja Ilha do Açoutado, yaani kisiwa cha aliyechapwa. Sijui fani nyingine ambayo kosa la fundi wake limeandikwa katika ramani.

Ndani ya ngome, iliyoanza kujengwa mwaka 1558, alitusimamisha kwenye kinywa cha birika, akatueleza jinsi mapaa na nyua zilivyojengwa kwa mteremko ili kila tone la mvua liende chini, maana kisiwa hakina chemchemi. Mwanamke aliyejipaka msiro usoni alikuwa akiteka. Kijana akamsaidia kuvuta ndoo, naye akasema, "Koshukuru," neno la Kimakua ambalo sisi wa Nanyamba hatukuhitaji kufasiriwa.

Jioni, kabla ya kuvuka lile daraja la zaidi ya kilomita 3 liendalo bara, alipita ndani ya gari akigusa mgongo wa kila kiti, kwa kuwa watu, alisema, hawahesabiwi kwa kidole kama mbuzi. Wote 14 tulikuwamo. Kwangu alisimama, akainama.

"Shikamoo mzee. Pasi yako niliiona asubuhi, tulipokuwa tukiandikisha majina."

"Marahaba, mwanangu."

Akanipa kifurushi cha karatasi chenye joto, alichokinunua kwa watoto wa kando ya njia, na nilipokifungua nikakuta korosho. Nilizipokea kwa mikono miwili kwa taadhima, mimi niliyeacha magunia yake uani kwangu Nanyamba, nikazila zote kabla gari halijafika ng'ambo.